Bafta Kwenye Keria

Barabara ya Bagamoyo niliipenda kabla haijanitenda. Zama hizo za Mwingereza, mie na kaka yangu tulikaa Kinondoni, nyumba moja ya udongo. Yeye na mkewe na mtoto wao mchanga chumba cha mbele, mie cha uani. Kaka alikuwa fundi cherehani, akishonea kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja mjini. Mie nilikuwa tarishi wa ofisi, kutwa juu ya pedeli. Kila mmoja alikuwa na baiskeli yake, na siku za mapumziko tulikuwaga tunapanda kwenda kumwona mama kijijini, mbele ya Mapinga.

Aliyeiendesha njia ile anajua. Unatoka na umande, unapita Kawe, unaingia mashamba ya mkonge, halafu vinaanza vilima. Unapanda ulimi nje, unashuka bila kukanyaga, kengele inalia yenyewe kwa mawe. Ukikata kuelekea pwani unafika Kunduchi, mji wa kale, wenye makaburi yaliyopachikwa sahani za kauri na msikiti wa mawe uliobaki kuta. Tulizoea kupumzika pale, tukinywa madafu na kubishana nani kamwacha nani kilimani. Nilimwacha mie. Kaka hakukubali mpaka anaingia kaburini.

Sasa ilikuwa miaka ya vita vya pili. Tairi hazipatikani. Ya kwangu ya nyuma niliishindilia makumbi ya nazi na kuizungushia kamba. Nguo nazo zimeadimika, watu vijijini wanazikwa na mikeka na kanga kuukuu, na hilo kwa kaka yangu, mtu wa nguo, lilikuwa fedheha kubwa kuliko njaa.

Asubuhi moja mapema akaja mtu wa kijijini kwetu, analeta kuku sokoni. Hakukaa. Alikaribishwa chai, akakataa. Akasema akiangalia kuku wake, "Mnaitwa nyumbani. Mama hajiwezi. Mje na baiskeli." Akaenda zake.

Mie nikasimama nitoe baiskeli. Kaka akakaa chini, akajishika kichwa.

"Mama hatunaye," akasema.

"Nani kasema? Amesema hajiwezi."

"Wewe mtoto? Umeshaona wapi mtu mwenye safari akaambiwa msiba? Ataanguka njiani. Hajiwezi, hajiwezi, ukifika unakuta tanga. Na kwa nini tuje na baiskeli? Ili tuwahi maziko. Na chai kwa nini kaikataa?"

Majirani walishajaa uani, na wote wakawa upande wake. Ndivyo tulivyo sie. Msiba hatumpi mtu mkononi, tunamfunika funika, tunamwambia mgonjwa, tunamwambia njoo mara moja. Nimewahi kuambiwa hivyohivyo baba alipokufa, na nilipofika nilikuta udongo mbichi. Kwa hiyo hata mie, niliyekuwa nabisha, nilishaanza kuamini. Lakini nikasema: hajafa mpaka nione. Mama alikuwa na donda la mguu tangu masika, nililiona mwenyewe, na mtu hafi kwa mguu ghafla hivyo.

"Basi twende tukaone," nikamwambia kaka.

"Hatuendi kumzika mama yetu mikono mitupu. Nisubiri."

Akaenda kwa Mhindi wake. Mzee yule, Mungu ampe mema, alikuwa na nguo ya bafta aliyoificha kwa ajili ya watu wake mwenyewe. Alipoambiwa ni ya sanda, akaipima, akamwita kaka ndugu, akamwongezea kafuri na kichupa cha marashi. Kaka akarudi nayo, imekunjwa nyeupe peee, akaifunga kwenye keria ya baiskeli yake, pale nyuma anapokaa mtu. Nikamwambia aifunike japo gunia. Akasema sanda ya mama yake si bangi mpaka aifiche.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mie nililisikia.

Tukatoka. Kaka mbele, analia huku anakanyaga, na harufu ya kafuri inanijia usoni mimi niliye nyuma. Kila kijiji tulichopita, watu waliokuwa barazani walisimama. Wanawake waliweka ndoo chini. "Poleni, wanangu. Poleni sana." Na kaka kila akipewa pole anageuka kunitazama.

"Unaona? Habari zimeshafika mpaka huku."

"Wanaona furushi, kaka! Wangesema nini?"

"Kanyaga, bwana. Kanyaga."

Hatukukata kwenda Kunduchi. Tulipanda Boko tunasukuma, jua kali, na tuliposhuka upande wa pili kamba ya tairi yangu ikakatika, makumbi yakamwagika barabarani. Tukakaa chini kuyarudisha. Hapo akatupita mchuuzi mmoja wa nazi na baiskeli yake, akasimama, akaliona furushi. Akauliza twendapo. Kaka akamtajia kijiji, akasema tuna msiba. Yule akasema napita hapohapo, Mungu awape subira, akashuka na kilima kasi, nazi zinagongana. Nilitamani nimwite arudi. Sijui ningemwambia nini.

Tukavuka Mto Mpiji, tukapanda Mapinga. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kijijini, juu ya kijilima, unaiona kutoka mbali. Nikawa natafuta umati. Nikatafuta jeneza la msikitini, nikatafuta wanaume wenye majembe. Hakuna. Palikuwa na wanawake wawili watatu wamesimama, na barazani, juu ya kigoda, mtu amekaa.

Mama.

Alhamdulillahi, nilipiga ukelele ambao sijaupiga tena. Nilitupa baiskeli, nikakimbia. Alikuwa amejifunga doti mpya ya kanga, amepakwa mafuta, mguu umefungwa majani na kitambaa, na miguuni pake kuna kifurushi kidogo kimefungwa vizuri. Shangazi yetu, dada wa baba aliyekuwa akimwuguza, alisimama pembeni ana fimbo mkononi, tayari kumshika.

"Tangu alfajiri kakaa hapa," shangazi akasema. "Anawangoja nyie mumpakie mumpeleke hospitali ya mjini. Uji wenyewe kanywea hapahapa. Mbona tuliwaambia mje na baiskeli?"

Mama hakuwa ananitazama mie. Alikuwa anatazama nyuma yangu, ambako kaka amesimama ameshika usukani, na lile jeupe nyuma yake.

"Muuza nazi kapita kasema wanangu wana msiba," mama akasema. "Nani kafa? Mjukuu wangu? Niambieni, nani kafa?"

Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kusema ni ya jirani, tumetumwa tu tuipeleke mbele. Nilikuwa nafungua kinywa. Lakini kaka akaanguka magoti palepale mchangani, mtu mzima na ndevu zake, akalia, "Tusamehe, mama. Tulijua tumeambiwa kwa kufichwa. Tulijua ni wewe."

Mama akalitazama tena lile furushi.

"Ala," mama akasema polepole. "Kumbe yangu."

Nikaiendea keria, nikakata kamba kwa meno, nikaivurumisha ile bafta chini. Mama akanikaripia kama nilivyokuwa mdogo. "Okota! Nguo ya maiti haitupwi, wewe. Ilete hapa." Nikamletea. Akaishika pindo, akaifikicha kwa vidole, akainusa. "Bafta hasa hii. Na vita hivi, mmeipata wapi?" Kaka akamsogelea kwa magoti. Mama akamshika kichwa. "Umefanya vizuri, mwanangu. Wenzangu wanafukiwa na mikeka."

"Panda twende, mama," nikasema. "Panda keria yangu. Tunafika leo leo."

Akatazama baiskeli ya kaka iliyolala chini, akatikisa kichwa.

"Kiti changu kimeshakaliwa," akasema. Akamwambia shangazi amfungulie kifurushi, azirudishe nguo kwenye kamba ya ndani.

Nilibembeleza, nikagomba, nikatukana mila zetu zote mpaka shangazi akaziba masikio. Nikamwambia habari za watu wa Kinondoni waliokatwa mguu wakaishi, wanauza karanga. Alinisikiliza kwa upole wote. Lakini alishakuwa na kila alichohitaji, na kilikuwa ndani, juu ya dari, kinanukia kafuri nyumba nzima. Shangazi alisema sanda ikiingia nyumbani haitoki bila mtu. Nikamwambia hayo ni maneno ya kijinga. Akaniambia, "Basi itoe." Nikaenda nikaishusha, na mama akaniambia niirudishe, nami nikairudisha.

Nilikwenda tena kila siku ya mapumziko, peke yangu, vilima vyote vile, kumwomba. Donda likapanda gotini, likapita. Mara ya mwisho hakuzungumza habari za mguu kabisa. Aliuliza kama mtoto wa kaka ameanza kukaa. Halafu akasema, "Mkimaliza mambo yangu, msirudi mjini na keria tupu. Mihogo yangu imekomaa. Mjini mna njaa."

Alikufa kabla ya vuli. Safari hii waliotuletea habari walikunywa chai, wakakaa, na hakuna aliyethubutu kutuficha kitu. Bafta ilimtosha, ikabaki. Watu walimsifu kaka kwa sanda ile, wakasema huyu ndiye mwana. Alipokea sifa zile ameinamisha uso, na tangu siku hiyo hatukubishana tena nani kamwacha nani kilimani.

Baada ya tanga, shangazi alitung'olea mihogo shamba zima. Tukaijaza gunia, tukalifunga kwenye keria yangu kwa kamba. Nilikanyaga Mapinga, nikavuka Mpiji, nikapanda Boko bila kushuka hata mara moja. Mihogo ile, wallahi, ilikuwa mizito kumshinda mama, na baiskeli iliibeba mpaka Kinondoni.