Kiti cha Kumsubiri Akue

Kwetu mtoto hanunuliwi kitu kinachomtosha. Sweta la shule lazima likunjwe mikono, kiatu lazima kijazwe pamba mbele, na gauni la sikukuu lipindwe chini ili mwakani lifumuliwe lishuke. Binti yangu ana miaka minne lakini nguo zake zina miaka sita. Akitembea mtaani kwetu Kariakoo anafanana na hema dogo linalotafuta pa kusimikwa. Sikuwahi kuona ubaya wowote. Mimi mwenyewe nilikuzwa hivyo hivyo, na siku kiatu kiliponitosha sawasawa kilikuwa kimeshatoboka.

Basi mume wangu akanunua gari. Yeye anauza makava ya simu na chaja pale Msimbazi, na gari lenyewe ni dogo, limetumika Japani na mtu tusiyemjua, ambaye kwenye kioo aliacha karatasi ya maandishi ambayo hakuna anayeweza kuyasoma. Mume wangu anaamini ni dua. Mimi nadhani ni ya kubadilisha oili. Haijabanduliwa mpaka leo.

Mimi ni msusi. Kazi ya kusuka inashika mikono na kuacha kichwa huru, kwa hiyo kabla gari halijatoka bandarini nilikuwa nimeshalizungusha nchi nzima. Nimeshafika nalo Lushoto, nimekula nalo mahindi ya kuchoma Morogoro, binti yangu yuko nyuma anauliza kila mlima unaitwaje na mimi namdanganya. Kwenye ndoto zangu zote hizo mtoto alikuwa amekaa vizuri tu. Amekaa juu ya nini, sikuwahi kujiuliza.

Nikajiuliza siku moja nikiwa saluni. Nilikuwa namsuka mteja, naye anaangalia video kwenye simu, na kama mnavyojua, msusi huangalia simu ya mteja kuliko mwenye simu. Wazungu walikuwa wanajaribu gari kwa kuligongesha ukutani. Ndani kulikuwa na sanamu kubwa la mtu mzima limefungwa mkanda, limepakata kidoli cha ukubwa wa mtoto. Gari likagonga. Sanamu likainama, likarudi. Kidoli kikachomoka mikononi mwake kikaenda zake mbele, kana kwamba ile mikono haikuwahi kuwepo. Mteja akapitisha kidole, ikaja video ya biriani. Mimi nikabaki na kitana hewani mpaka akauliza kama nywele zimeisha.

Hapo ndipo nilipoanza kutaka kiti cha mtoto, na hapo ndipo nilipogongana na mama mkwe wangu.

Mama mkwe tunaishi naye. Ana dada yake Chalinze, na gari lilipofika, jambo la kwanza lililopangwa nyumbani halikuwa bima wala oili, ilikuwa safari ya Jumamosi kwenda kumwonyesha huyo dada. Mpango ulikuwa umekamilika: mama mkwe akae mbele, mjukuu mapajani, na tukikaribia kijijini vioo vishushwe ili watu waone gari, bibi na mjukuu kwa mkupuo mmoja. Kwetu kumpakata mtoto ni kumpenda. Mtoto kukaa kiti chake peke yake, na bibi yake yumo humo humo garini, ni kama mtoto amesuswa. Nilipomgusia mume wangu akasema Wazungu wanaweka vile viti kwa sababu bibi zao wanaishi mbali. Akacheka, lakini nilijua kilichomchekesha ni woga. Mama ni wake, mimi nimemkuta tu.

Cha ajabu, mama mkwe hakukataa kiti. Ni mtu wa sokoni, hawezi kukataa kununuliwa kwa kitu chochote. Alichosema ni kwamba kiti kikae nyuma, kipendezeshe gari, na mtoto atapakatwa kama kawaida. Kisha akatoa sharti.

"Chukueni kikubwa," akasema. "Atakulia humo humo."

Tukaenda watatu, mimi, yeye na binti yangu. Tulianzia kwenye mitumba, ambako viti vilikuwa vimening'inizwa kama nyama ya kukaushwa. Kimoja kilinivutia, kina maua. Nikamuuliza muuzaji kimetoka wapi, akasema Ulaya. Nikamuuliza kama gari kilimokuwa lilishawahi kupata ajali.

"Dada," akasema, "hata wewe sijui umetokea wapi, lakini nakuuzia."

Nikakibonyeza chini ya kitambaa, kikalia kama mlango mbovu. Kina ufa. Kiti kilichopasuka hakisemi kilipasukia wapi, na kitambaa cha maua kimeshonwa ili kisiulizwe. Tukaondoka.

Tukaingia dukani kwa Mangi. Hilo si jina lake, ndivyo tunavyowaita wote walioshuka kutoka Kilimanjaro wakafungua duka, nao wanaitika. Huyu anauza vitu vya watoto, vitanda, beseni, vyandarua vya kukunja kama mwavuli. Akatuletea viti viwili, vipya, ndani ya nailoni. Cha kwanza hakina mgongo, ni kama kigoda chenye masikio mawili ya kupitisha mkanda wa gari, kimeandikwa kinafaa kuanzia miaka sita mpaka kumi na miwili. Cha pili kina mgongo na sehemu ya kuegemeza kichwa, kimeandikwa kinaanzia miaka mitatu mpaka saba.

Mama mkwe hakuhitaji maelezo zaidi. Kiti kimoja kinaishia darasa la kwanza na kingine kinampeleka mtoto karibu na sekondari, sasa hapo kuna nini cha kufikiri? Mangi akaitikia kwamba mama ameona mbali. Watu wakaanza kusimama mlangoni, maana Kariakoo ukishika kitu kwa muda mrefu kidogo unapata wanakamati. Mama mmoja mwenye mfuko wa vitunguu akasema kikubwa. Mwenye kuuza soksi akasema viti ni kupoteza pesa, wao kwao walikuzwa juu ya tanki la pikipiki ya baba yao na wote wapo. Akaanza kuwataja ndugu zake kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, akafika kidole fulani akakikunja. Akaendelea kuuza soksi.

Nikaomba tukijaribu kwanza kwenye gari. Mangi akanionyesha ukutani, palipoandikwa kwa kalamu nene kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Wakati naendelea kusoma mama mkwe akawa ameshalipa.

Gari lilikuwa Mnazi Mmoja, mume wangu akitusubiri. Ni pua na mdomo kutoka dukani, lakini sisi tulizunguka. Mama mkwe alijitwika kile kiti kichwani na kupita kila mtaa ambao ana mtu anayemfahamu. Wakimwuliza ni nini hicho, anajibu ni kiti cha mjukuu, cha gari. Neno gari alilitamka taratibu ili lifike ng'ambo ya barabara.

Tulipofika nikakiweka kiti nyuma, nikataka kutoa nailoni. Mama mkwe akanishika mkono. Nailoni haitolewi, kitachafuka. Haya, nikamkalisha mtoto juu ya nailoni, akateleza kama sabuni mpaka magoti yakagusa kiti cha mbele. Nikamrudisha. Nikavuta mkanda, nikaufunga.

Mkanda ukapita shingoni. Haukukaa begani wala kifuani, ulipita shingoni kabisa, chini ya sikio. Binti yangu akainamisha kichwa upande wa pili kama kuku anayesikiliza, kisha akafanya kile ambacho mtoto yeyote angefanya, akauchukua ule mkanda akaupitisha chini ya kwapa ili umwache apumue. Sasa ukawa haujashika kitu.

"Si umemkaa?" mume wangu akauliza kutoka mbele, bila kugeuka.

"Atakua," mama mkwe akasema. "Na mimi si nitakuwa nimempakata?"

Jumamosi ilikuwa kesho yake. Kichwani nilikuwa nimeshamwona binti yangu anachomoka mikononi mwa bibi yake pale penye kona za barabara ya Morogoro. Mimi ni mtu wa kucheka, ugomvi siujui. Na mkwe haulizi maswali ambayo majibu yake anayo. Lakini mtoto ni huyu mmoja.

"Mama," nikasema, "alipokuwa mchanga ulikuwa unamfunga mbeleko. Uliwahi kuipitisha shingoni?"

Akaniangalia.

"Na uliwahi kumfunga mbeleko ya mwaka kesho?"

Mume wangu akawasha redio, akaizima.

Lazima nieleze. Mtaani kwetu mama mkwe ndiye anayefundisha wazazi wapya kufunga mbeleko. Wanamletea watoto, anageuza, anavuta khanga, anapitisha mkono chini ya makalio ya mtoto kuona kama amekalishwa, anapitisha kwapani, anapapasa shingo kuona kama iko huru. Mbeleko iliyolegea anaifungua mbele za watu na kukuaibisha. Hajawahi kumwambia mzazi yeyote kwamba mtoto atakua.

Akainama garini. Akaurudisha mkanda mahali pake, akaingiza vidole viwili kati ya mkanda na koo la mjukuu wake. Vidole havikupata nafasi.

"Bibi, inanikaba," mtoto akasema.

Mama mkwe akamfungua, akakichomoa kiti, akajitwika tena. "Twendeni kwa Mangi," akasema, na safari hii tulipita njia fupi.

Nilidhani nitaona vita. Mangi alikuwa na ukuta wake wa maandishi, na alitusomea kwa adabu kabisa. Mama mkwe hakubishana. Alikiweka kile kiti katikati ya mlango wa duka, akakikalia, akanyoosha miguu, akaweka khanga sawa. Kila mteja aliyefika ilibidi aruke miguu ya mtu mzima, na kuruka miguu ya mtu mzima huwezi bila kumwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mbona umekaa hapo?"

"Namsubiri mjukuu wangu akue, mwanangu. Nimeuziwa kiti kabla ya wakati."

Anasema kwa upole, kama mtu anayesubiri mvua ipungue. Mteja wa kwanza akacheka akaingia. Wa pili akauliza zaidi, akaelezwa habari za shingo, akasema atarudi baadaye. Wa tatu alikuwa mjamzito, amekuja na mumewe kuangalia vitanda, na kabla hajamaliza kusema shikamoo Mangi alikuwa ameshashusha kile kiti chenye mgongo.

Sasa akatuhudumia kama ndugu. Akatoa nailoni mwenyewe, mama mkwe akaikunja na kuitia mfukoni kwa sababu nailoni ni nailoni. Akamkalisha binti yangu, mgongo wote ukagusa, akapandisha sehemu ya kichwa mpaka ikalingana na masikio yake, akatuonyesha mahali pa kupitishia mkanda ili ushuke begani, na akasema ule wa chini ulale kwenye nyonga, usipande tumboni. Mwisho akasema hata watoto wake nyumbani wanakalia cha mgongo. Mama mkwe akamuuliza mbona hakusema mapema.

"Mama, ulikuwa umeshaamua," Mangi akasema. "Mimi nauza, sibishani."

Jumamosi tukaondoka. Mtoto nyuma kwenye kiti chake, mkanda begani, anatazama nje kama diwani. Kiti cha mbele kikawa wazi kwa ajili ya mama mkwe, na vioo vya kushushwa vilikuwa vinamsubiri. Akakikataa. Alisema mbele atazungumza na nani. Akajibana nyuma pembeni ya mjukuu wake, nami nikajikuta mbele, mahali pa heshima, najisikia kama nimevaa viatu vya mtu.

Tulishuka Jangwani salama. Kule Magomeni guta la magurudumu matatu lililobeba magodoro likakatiza mbele yetu bila habari, na mume wangu akafunga breki kwa nguvu zake zote. Nikageuka. Mtoto aliinama kidogo, mkanda ukamshika, ukamrudisha. Biskuti yake ndiyo iliyofika mbele, kwenye miguu yangu. Akauliza kama nitamwokotea.

Mama mkwe alikuwa amerusha mkono kumkinga. Mkono ulifika, lakini ulifika mtoto akiwa ameshakaa sawa. Ukabaki pale kifuani kwake, juu ya mkanda, umechelewa. Mama mkwe akautazama kwa muda, kama mkono wa mtu mwingine, kisha akaurudisha mapajani taratibu. Guta likavuka na magodoro yake, nyuma wakaanza kupiga honi, tukaondoka.

Karibu na Kimara nikamsikia anajisogeza huku na huko, anakunja khanga, anaikunjua, anaweka mikono hivi, anaiweka vile.

"Mwanangu," akaniita. "Hebu nipe hata huo mkoba wako niupakate."

Nikampa. Akaukumbatia mpaka Chalinze.