Ngwe ya Jirani

Gerezani Kasulu waliniita Mchungaji, na jina lile lilinipendeza kuliko nilivyokubali. Kila Jumapili niliwahubiria wafungwa wenzangu mpaka sauti ikakauka. Kosa langu sikulificha: nilimchomea nyumba jirani yangu wa Kitahana kwa hasira ya mpaka wa shamba. Kisha namalizia kwa madaha, "Lakini Mungu amenisamehe!" Wenzangu wanaitikia Amina.

Siku moja akaletwa jirani mwenyewe, kafungwa kwa kupika gongo. Jumapili ile nikahubiri vilevile, maana kiburi changu kilikuwa bado kizima. Nilipofika pale pa kusamehewa, akasimama.

"Kwani nyumba uliyochoma ilikuwa ya Mungu?"

Hakuna aliyeitikia Amina. Niliona aibu ambayo hata hakimu hakunipa. Kweli, mwenye nyumba sikuwahi kumwomba radhi.

Nikamwendea, nikapiga magoti. Akageuza uso. Kwetu Uha, mwenye kinyongo nawe hali nawe chombo kimoja, na gerezani tulikula kwa makundi, kila kundi na sinia lake. Nikikaa, yeye ananyanyuka. Nilijua asipokula nami, hata nikimaliza kifungo sina uso wa kurudi Kitahana.

Nikaacha kuhubiri. Shambani kila mfungwa alipimiwa ngwe yake ya kulima, na yeye mgongo ulimsumbua. Nikimaliza yangu naingia yake, naanzia upande wa pili.

"Wewe mtu, hujaacha tu kuvuka mipaka?" alinifokea.

Nilistahili. Nikainamia jembe. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa, mpaka mahindi tuliyopanda yakanipita magoti.

Mchana mmoja tukiwa tunakula, akaja na bakuli lake la maji, akanawa, akaketi kwenye sinia letu. Akamega tonge, akachovya kwenye maharage.

"Kula, yanapoa," akaniambia. "Tukitoka utanijengea."

"Na jiko nitakujengea, ndugu yangu."

Nililia huku natafuna. Wakristo kwa Waislamu wakashangilia, vigelegele vya wanaume watupu, mpaka askari akaja mbio akidhani tunapigana.

Jumapili iliyofuata wakanisukuma mbele. Mahubiri yangu yalikuwa mafupi kuliko yote.

"Jirani yangu amenisamehe," nikasema.

Amina ya kwanza ilikuwa yake.