Kiti cha Babu na Mpira wa Ng'ambo

Mume wangu alipokaribia kufa, alisema mbele ya ndugu zake kwamba kiti chake atakikalia mjukuu wetu. Baba wa kijana alitangulia zamani, na sisi wawili ndio tuliomlea hapa mtaani Kamenge. Kwetu kiti si mbao tu. Siku ya kuganduka, familia inapomaliza kilio, mrithi anakalishwa mbele ya watu wote, anakunywa wa kwanza, na kuanzia hapo magomvi ya ukoo yanapelekwa kwake. Asipokuwepo anapewa mwingine. Tulikuwa tumepanga iwe kiangazi, watu wakishavuna.

Huyo kijana ni mrefu mpaka anainama kuingia kwangu. Alikuwa anacheza basikete katika timu ya hapa mjini, wanampa kitu cha nauli na sabuni. Jioni moja akaja kuniambia timu ya ng'ambo inamtaka, mshahara wa mtu mzima, lakini afike kabla ya kiangazi.

"Bibi, tuganduke mwezi huu."

"Kilio si basi, mwanangu, umwambie dereva aondoke mapema."

"Basi mi nitakuwa kwenye simu. Watanionyesha kwa video."

"Simu inakaa kwenye kiti?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Sokoni wenzangu walikuwa wakisema vijana hawa hawana haya, akishajua kurusha mpira anakimbilia pesa. Mimi nauza maparachichi. Parachichi likiiva haliwezi kungoja bei ya wiki ijayo, na goti la mchezaji ni hivyo hivyo. Hilo nililielewa bila kufundishwa. Kilichonisumbua ni nyumba: akienda, itasimamiwa na nani?

Nikaenda kumwangalia akicheza, mara yangu ya kwanza. Wachezaji wenzake wakubwa, waliokuwa wakija kwangu kula maharage, sikuwaona hata mmoja. Wote wameshapanda ndege. Pembeni wamekaa watoto, jezi zinawapwaya. Mwalimu wao, sauti imemkauka kwa kupiga kelele, akaja kunisalimia.

"Mama, mi nawafunza, wakishajua wanakwenda."

"Na huyu wangu, hukumkataza?"

"Apana. Nikimkataza huyu, wale wadogo watakwenda bila kuniaga."

Nilirudi nyumbani na neno hilo. Mtu akikuaga, umebaki na njia ya kumwita. Aliyetoroka utamwita kwa jina gani? Asubuhi nikamwambia kijana aende, lakini kwanza azunguke kwa wazee wote, nyumba kwa nyumba, awaage uso kwa uso. Alizunguka. Akaondoka.

Kiangazi kikafika, tukaganduka. Ua ukajaa. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuja kutoka mtaa wa Musaga na mwanawe wa kiume amevaa koti jipya. Nilipoliona koti lile nilijua wamekuja na nini. Mzee wa ukoo akauliza kiti kinakaliwa na nani, na shemeji akaanza kumsukuma mwanawe mgongoni.

Nikasimama. Nikaenda nikakaa mimi.

Shemeji akasema, "Shemeji, mwanamke hakai hapo."

"Nimeshakaa. Niinue."

"Marehemu alitaja mjukuu."

"Ndiyo. Na mjukuu alikuaga, ulimpa na mkono. Ungekuwa na neno, ungemwambia siku ile."

Na kweli alimpa mkono, hata akamwomba amletee viatu. Mwanawe akavua koti, joto lilikuwa limemzidi. Mzee wa ukoo akaanza kucheka polepole, akaniletea mimi kinywaji cha kwanza.

"Na ukifa?" shemeji akauliza.

"Nikifa mtagombana, kama mlivyozoea. Nikiwa hai, namtunzia."

Sisemi nilifanya vizuri. Kiti kile ni kigumu, na watu wanakuletea maneno yao hata hujanawa uso. Na kijana huenda akarudi, huenda asirudi. Huko wanakolipwa vizuri pia kuna wasichana na nyumba. Hilo nalijua, sijidanganyi.

Wiki hiyohiyo alipiga simu kuuliza nani amekaa. Nikamwambia.

"Bibi, na mi nikikawia?"

Nikamwambia acheze. Shemeji alikuwa mlangoni na jirani yake, wanagombania mbuzi, na mwamuzi ni mimi.