Pipa Nililoliamsha

Ijumaa ile bosi alikuwa amekwenda kumzika shangazi yake huko kaskazini, na kwa mara ya kwanza akaniachia funguo za chumba cha chini. Baa yake iko Södermalm, huku Uswidi, na ni baa ya Kiingereza: zulia jekundu lililochakaa, mabenchi ya mbao, hakuna muziki, hakuna televisheni, na mbwa wa mteja anaruhusiwa kulala chini ya meza. Bosi mwenyewe ni Mswidi. Ujanani aliishi mwaka mmoja katika mji mdogo wa Uingereza, mji wa soko, ambako kila Alhamisi wakulima huleta jibini na kuku uwanjani. Kila jioni akawa anaingia baa moja, mpaka akazimaliza zote, kisha akaanza upya. Ugonjwa ule haujamtoka. Ukimpa nafasi atakusimulia dari lililokuwa chini hadi unainama kuingia, na mwenye baa aliyejua kila mtu anakaa wapi na anakunywa nini. Mimi nilikuwa nampa nafasi kila siku, kwa sababu nilikuwa kwenye majaribio.

Majaribio yenyewe yalikuwa ya miezi sita. Nilivyoelezwa, mwajiri akikaa kimya mpaka tarehe fulani, kazi inakuwa ya kudumu yenyewe. Akitaka kukutoa, lazima akwambie kabla. Tarehe yangu ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa naomba kimya cha yule mzee usiku na mchana. Binti yangu alikuwa Kakamega kwa dada yangu, amebakiza wiki tano afikishe miaka kumi na minane, na watu wa uhamiaji walikuwa wameniandikia wazi: mtoto aombe kabla hajafikisha, na mama awe na kazi ya kudumu. Nilimwacha akiwa na miaka tisa nikaja huku kuolewa. Ndoa ikavunjika, karatasi zangu zikabaki, mtoto naye akabaki kule. Kila mwaka nilimwambia mwakani. Sasa hakukuwa na mwakani nyingine.

Bia ya pale si hii ya kusukumwa na gesi. Ile ya gesi ipo, ya vijana, lakini fahari ya bosi ni bia inayokuja ikiwa hai. Chachu yake iko ndani ya pipa bado inafanya kazi, na ukitaka glasi unaivuta kwa mkono kutoka chini. Safari hii alikuwa amepata pipa kutoka ule mji wake wa soko, kwa watengenezaji wasiopenda hata kuuza nje ya wilaya yao. Alikuwa ameliomba kwa miaka. Jumamosi saa saba mchana walikuwa waje wazee wa chama fulani, watu ambao kazi yao wikendi ni kuzunguka baa hadi baa wakionja bia za zamani na kubishana. Mmoja wao ni Mwingereza aliyezaliwa mji uleule, na miguu haimruhusu tena kusafiri kwao.

Pipa lililetwa Jumanne na dereva Mrundi, jirani wa watu ninaowajua Rinkeby, ambaye huteremsha mizigo polepole kama anashika mayai. Bosi akalilaza kwenye mbao, akalikaza kwa kabari pande zote mbili. "Liache lilale," akaniambia. Alhamisi jioni akalitoboa mwenyewe na kutia bomba. Kisha akaniambia: kesho asubuhi chota glasi uonje, halafu litunze mpaka nirudi.

Basi nikalitunza.

Ijumaa saa tatu nilishuka, nikachota. Ilitoka rangi ya asali, imetakata, unaona vidole vyako upande wa pili. Nikaonja. Tamu, sikatai, lakini nyepesi, na moyo ukaniambia kuna kitu kimebaki chini. Nyanya yangu alikuwa mpishi wa busaa, pombe yetu ya unga, na ninamwona mpaka sasa na mwiko wake mrefu. Hakuna aliyechotewa kabla nyanya hajakoroga mpaka chini kabisa, kwa sababu uzito wote uko chini. Kumpa mgeni maji ya juu ni kumwambia hukumtarajia. Mwanamke aliyefanya hivyo alisemwa kijiji kizima. Bosi alikuwa amesema liache lilale, na lilikuwa limelala. Siku tatu! Sasa limeshatobolewa, wageni wanakuja kesho, na mimi niliyelelewa kwenye pombe nitawawekea maji ya juu?

Nikatoa kabari. Nikalikumbatia lile pipa, nikaliviringisha kushoto, nikalirudisha kulia, mara nyingi, kwa upole, mpaka nikasikia mzigo wa ndani umeamka. Nikarudisha kabari. Glasi iliyofuata ilitoka nzito, ya kijivujivu, kama uji wa mtoto. Nilifurahi, Mungu anaona. Nikampelekea mpishi wetu jikoni. Yeye ni Mtanzania wa Rombo, kijana kwangu, mtu wa mzaha. Akainua glasi, akanusa, akanywa nusu.

"Sasa hii ndiyo pombe, dada," akasema. "Ile ya kila siku huwa nadhani wameoshea glasi."

Saa sita bosi alipiga simu. Alikuwa bado makaburini, nasikia upepo. Hakuuliza habari za baa. Aliuliza, "Imetakata?"  Akaendelea mwenyewe, kwa ile furaha yake ya mtoto, kwamba lazima uweze kusoma gazeti kupitia glasi, na kwamba mtu akilipiga pipa teke tu, mashapo yanaamka, na yakiamka ni siku mbili nzima kulala tena. Wakati mwingine hayalali. "Sasa, imetakata?"

"Ndiyo," nikasema. "Iko sawa kabisa."

Sijui ile ndiyo ilitoka wapi. Ilitoka kabla yangu. Nilikaa kwenye ngazi ya chumba cha chini. Nilihesabu: siku mbili ni saa arobaini na nane, na mimi nilikuwa na ishirini na tano.

Mpishi alipoambiwa alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Anajua habari za binti yangu. Akafunga mlango wa jikoni.

"Sikiliza, dada. Hukuona, hukusikia, hukugusa. Pipa limetoka Uingereza, limepanda meli, limepanda lori. Nani anajua limetikiswa wapi? Jumatatu ni mtondo tu. Kimya nacho ni jibu."

"Na kesho akiniuliza?"

"Umeshamjibu leo. Unataka kumjibu mara ngapi?"

Nilimkasirikia, na nilikuwa nakasirika kwa sababu alikuwa anasema ninachotaka kusikia. Mchana kutwa nilikuwa nashuka na kupanda. Kila saa nachota kidogo, naiinua kwenye taa. Uji. Uji. Saa kumi jioni nikadhani naona kivuli cha kidole changu, nikasema asante Yesu, nikaangalia vizuri, ilikuwa doa la glasi. Wateja wanaagiza bia ya gesi, mimi nawapa chenji ya mwenzao. Mama mmoja akaniuliza kwa Kiswidi kama ninaumwa.

Usiku siusemi. Niko Hallonbergen, ghorofa ya sita, nimelala na nguo zangu. Binti aliniandikia kwamba ameanza kuwagawia binamu zake nguo asizotaka kuja nazo, na kwamba koti la baridi tutanunua wote wawili nikishampokea. Nilisoma ujumbe ule mara tatu, nikauacha bila kuujibu.

Jumamosi nilifika kabla ya wote. Glasi ya kwanza ilikuwa imebadilika kidogo. Haikuwa uji tena, ilikuwa maji ya mchele. Ukiweka gazeti nyuma yake ungejua kuna gazeti, basi. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu nilikuwa naiona mwisho wake, ni pale mlangoni ambapo bosi aliingia saa tano na suti yake ya msiba, hajabadilisha hata tai. Alishuka moja kwa moja chini. Nikamfuata kwa sababu sikujua la kufanya na mwili wangu.

Alichota. Akasogea kwenye kile kidirisha kidogo kinachotazama barabara, akainua glasi. Uso wake ukasawijika. Nimewahi kuona watu wakipewa habari za kifo, na ilikuwa karibu na hiyo. Akachota nyingine, akaitazama, akaimwaga.

"Jana ilikuwa safi?"

 Hakungoja jibu, alikuwa ameshalipata lake.

"Ni yule dereva," akasema. "Amelitupa, na lilipotobolewa likaamka. Niliwaambia mara ya mwisho kwamba likitokea tena simtaki." Akatoa simu mfukoni, akaanza kutafuta namba ya watu wa malori.

Nataka niseme ukweli wangu wote hapa, maana kanisani wamenipongeza kwa ushujaa ambao sikuwa nao. Nilimwacha atafute namba. Nilimwacha apige. Nikasikia simu inaita upande wa pili, mara moja, mara mbili. Nilikuwa nawaza Jumatatu. Nilikuwa nawaza koti la baridi. Nilimfikiria yule Mrundi na jinsi anavyoniamkia kila Jumanne, dada yangu mpenzi, umelala vyema, na bado nikanyamaza. Ni pale sauti ya mtu ilipoitika ndipo nikasema, na nilisema kwa hasira, kama yeye ndiye amenikosea.

"Kata simu. Ni mimi."

Alikata. "Umeligonga?"

"Nimelitikisa. Kwa makusudi. Nilitoa kabari nikaliviringisha."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha nyingine. Nikamweleza. Busaa, nyanya, mwiko, uzito ulio chini, aibu ya kumpa mgeni maji ya juu. Kiswidi changu ni cha kazini, hakina maneno ya nyanya yangu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika mjinga. Yeye hapigi kelele. Alingoja nikamaliza, akasema, "Jaha." Ni neno lao la kufungia mazungumzo. Kisha akapanda juu kuvua koti.

Wazee walipokuja aliwaambia tu kwamba bia haijatulia, warudi kesho. Hakunitaja. Walinung'unika, wakanywa nyingine, wakabishana. Yule Mwingereza aliomba aonjeshwe hivyohivyo, akatazama ndani ya glasi muda mrefu, akaiweka mezani bila kuigusisha mdomoni. Nilitamani anitukane.

Jumapili, wallahi, ilitakata. Nilichota saa nne asubuhi na vidole vyangu vikaonekana upande wa pili, vyote vitano. Walirudi wote. Yule mzee wa miguu alikunywa ya kwanza akiwa amefumba macho, akanywa ya pili akizungumza peke yake, na alipoondoka alinishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. Bosi aliona. Mpishi naye aliona, akanikonyeza kutoka mlango wa jikoni. Nilirudi nyumbani nikiimba ndani ya treni, na kila kituo nilijiambia amesamehe, amesamehe.

Jumatatu saa nane mchana bosi aliniita kwenye ile meza ya pembeni. Karatasi ilikuwa imelala kifudifudi. Nilijua. Hata hivyo nilimuuliza, kwa sababu mimi nina mdomo na sikuwa na kingine cha kupoteza. Nilimwambia bia imetakata, wageni wamefurahi, na kosa nimelikiri mwenyewe. Kwani pipa moja lina thamani gani?

"Si pipa," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu, na hilo lilinichoma zaidi. "Pipa ningekuelewa. Ulivyonieleza habari ya bibi yako, nilielewa. Lakini Ijumaa nilikuuliza kwenye simu, nimesimama kaburini. Ningerudi usiku ule. Chini kule kila kitu kinategemea neno la mtu aliyeshuka kuangalia."

  Nilisaini kwamba nimeipokea ile karatasi ya kuachishwa kazi.

Nilimpigia binti jioni kabla hata ya kuvua viatu. Nilimwambia yote, pipa, dereva, simu, karatasi, na kwamba kwa wiki tano sitapata kazi nyingine ya kudumu, hata nikifunga na kuomba. Hakulia. Nilisikia kuku wa dada yangu, na mtu akiita watoto waje kuoga.

"Sawa, mama," akasema. "Sasa si wewe urudi?"

Aliuliza kwa upole, bila lawama. Miaka karibu tisa nilikuwa napambana tuwe pamoja, na hilo halikuwahi kunipitia kichwani hata siku moja. Alikuwa anangoja. Nikamwambia simu yangu inaisha chaji, nitampigia kesho. Chaji ilikuwa imejaa.