Mama wa Mbwajumali Aliyesimamisha Magari

Habari zilinifikia Jumanne asubuhi, kwa ujumbe wa simu kutoka kwa binti yake: "Mama ametutoka alfajiri. Tunamzika baada ya Adhuhuri, hapa hapa Amu." Mimi nilikuwa Nairobi na sikuwa na namna ya kuwahi. Niliswali, nikamwombea, kisha nikakaa nikimkumbuka. Wasomaji wa safu hii wamezoea kunisikia nikiwasifu watu wenye vyeo. Kazi ya mama huyu ilikuwa kuvusha watoto barabara, na leo nataka nimsifu yeye.

Alizaliwa Mbwajumali, kisiwani Pate, akaolewa Amu, kama tuuitavyo mji wa Lamu sisi wenyeji, na mpishi wa meli ambaye baadaye alipata kazi katika mji mmoja wa Uingereza. Alimfuata huko akiwa na binti yao wa miaka mitano. Hadi siku hiyo alikuwa amezoea vichochoro ambamo ukipishana na punda unaegemea ukuta. Basi la abiria alilijua lile tu la Mokowe, kule bara, nalo kila alipolikuta lilikuwa limesimama likingoja abiria. Sasa mlangoni pake palipita barabara pana ambayo magari yake hayakuwa na mwisho. Mimi nilikuwa mwanafunzi katika mji huo, na kila Jumapili walinialika kula wali wa nazi. Mwaka mzima sikuwahi kumwona ng'ambo ya pili. Mumewe ndiye aliyekwenda dukani, ndiye aliyempeleka mtoto shule. "Ndia hii si ya binadamu," aliniambia kwa Kiamu chake, akiionyesha barabara, kisha macho yake. "Mato yangu hayajui yaangalie wapi."

Siku moja mumewe alicheleweshwa kazini, na saa ya kumchukua mtoto ikafika. Shule ilikuwa ng'ambo, inaonekana kabisa. Jioni ile alinisimulia mwenyewe: "Nilimwona mwanangu langoni, wenziwe wote wamekwenda zao. Nikashusha mguu, nikaurudisha. Nikashusha, nikaurudisha." Mtoto alichoka kungoja, akaanza kuvuka mwenyewe. Mama akapiga ukelele, akaingia barabarani na mikono yote miwili juu. Magari yalifunga breki, honi zikalia, dereva mmoja akamtukana. Alimkumbatia binti yake katikati ya barabara, kisha miguu ikamgomea kabisa. Mwalimu mmoja mzee aliyetoka shuleni ndiye aliyekuja kuwashika mkono na kuwavusha.

Mwalimu yule hakuishia hapo. Kila alasiri, kwa majuma kadhaa, alimpeleka kwenye taa za barabarani na kumfundisha: bonyeza, ngoja, mtazame dereva usoni, ndipo upite. Kizungu cha mama kilikuwa kidogo, lakini walielewana. Miaka michache baadaye shule ilipotafuta mtu wa kuvusha watoto, aliyejitokeza wa kwanza alikuwa yeye. Nilikwenda kumtazama asubuhi moja. Alivaa koti la manjano juu ya buibui, akashika fimbo yenye kibao cha mviringo, akaingia barabarani polepole kama mtu aingiaye ukumbini kwake. Lori zima likasimama. Watoto wakapita wakimwamkia. Nilipomuuliza uoga wake ulikwenda wapi, alicheka. "Haukwenda popote, mwanangu. Kila asubuhi tumbo lanikata. Lakini wana wako upande huu na shule iko upande ule. Nifanyeje?"

Alirudi Amu baada ya mumewe kufariki. Nilipomtembelea mara ya mwisho tulikaa barazani kwake, na tangu nilipomwamkia hadi kahawa ilipoletwa pikipiki nne zilikuwa zimepita. "Nalikimbia magari ya nti za watu," alisema, akimaanisha Uingereza, "nayo yamenifuata nyumbani." Nilikumbuka Amu ya utotoni mwangu, ambapo ungeweza kutoka mtaa wa Mkomani hadi wa Langoni ukisoma barua bila kuinua macho. Sisi wa rika langu tu hodari wa kulia juu ya mji ule, na kulia kwenyewe hufanyika tukiwa tumeketi. Yeye, na goti lake bovu, alikuwa amekwenda hadi gatini kuzungumza na vijana wa pikipiki. "Bwana, hapo mbele ya madrasa punguza mwendo. Wale ni wana wenu." Wengine walimcheka. Baadhi yao, binti yake ameniambia, ndio waliolibeba jeneza.

Nimelifikiria sana lile jibu lake kuhusu uoga. Nimewahi kuacha mambo mengi maishani nikijiambia kwamba nitayafanya moyo ukishatulia: maneno ambayo sikumwambia baba yangu, kazi niliyoikataa, haki ya mtu ambayo sikuitetea. Moyo haukutulia, na wakati ukapita. Mama huyu hakuwahi kupona hofu yake hata siku moja. Aliamka nayo, akavaa koti, akatoka nayo kwenda kazini. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atupe sisi tuliobaki ujasiri wa namna hiyo, ule wa mtu anayetetemeka na bado anakwenda.