Kopo Lililofukizwa Udi

Namatala, mjini Mbale, harusi ya Wanubi bila udi wa Zulaika ilihesabiwa nusu harusi. Kazi hiyo aliachiwa na mama yake: kuchemsha sukari na manukato, kuchanganya na vipande vya sandali, kisha kuujaribu kila mchanganyiko kwenye chetezo, hapo hapo sebuleni. Alikuwa na pua ya kujivunia, na alijivunia kweli.

Adui wake alikuwa Wangila, fundi Mkenya aliyepiga magari rangi nyuma ya ukuta wao. Bakhit, mumewe Zulaika, alikuwa akikohoa mwaka wa pili sasa, na Zulaika aliapa kwamba ni ile rangi inayommaliza mzee wake. Alitaka Wangila ahamishwe mtaani. Hata salamu zake aliacha kuitikia.

Julai, asubuhi zilipokuwa za baridi na moshi umelala juu ya mabati, akaja Ashley, binti wa chuo kikuu aliyekuwa akipima hewa ya mji. Alieleza kwamba rangi, petroli na mkaa hutoa mvuke usioonekana. Mwingine ukipigwa na jua hugeuka kitu kikali zaidi, na penye baridi hewa hubaki chini, watu wakaivuta tu. Zulaika alifurahi kupita kiasi. Akaomba kopo la kunasia hewa litundikwe sebuleni kwake, ushahidi upatikane.

Kesho yake Ashley alikuta kopo linanukia kama bibi harusi. Zulaika alikuwa amelifukiza udi. Mgeni gani aingie nyumba ya Mnubi asifukizwe? Ashley alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatundika jingine, akaomba kwa adabu zote chetezo kisiwashwe siku mbili.

Siku hizo Wangila alipata kazi ya basi zima. Alipiga rangi asubuhi hadi jioni, mpaka chai ikawa na ladha ya rangi. Zulaika alitega sikio kusubiri kikohozi. Hakikuja. Bakhit alikunywa chai yake, akalala mchana akikoroma kwa raha.

Jioni ya pili Zulaika alikitazama chetezo kilichopoa siku mbili, akakaa mbele yake. Hakuhitaji tena majibu ya Ashley.

"Mzee, ulijua?"

"Najua zamani, Mama Shafik." Bakhit hakuinua macho. "Lakini hiyo udi ni kazi ya mama yako. Mimi ningesema nini?"

Zulaika aliumia kuliko kama angetukanwa. Miaka miwili mtu anavumilia kikohozi kwa ajili yake, naye yuko ukutani anamlaani jirani!

Ashley alipokuja kuchukua kopo alionya kwamba rangi nayo si ya kuchezea. Basi Zulaika akaenda kwa Wangila, akamsalimia yeye kwanza, akamsihi afunike pua anapopiga rangi, maana naye ana kifua cha kulinda. Kisha akahamishia chetezo uani, akawasha udi wake huko. Bakhit akamfuata na kigoda, akakiweka upande upepo unakotoka, akakaa karibu naye kadiri kifua kilivyomruhusu.