Mgongo Mbovu Uliopanda Ngazi za Busan

Jamani, leo chai ya kanisani hapa ugenini Mount Druitt imetutumbukia nyongo!

Mama Neema kaja na simu, anatuonyesha picha za Busan, huko Korea. Hekalu liko juu ya mwamba, bahari inapiga chini. Vijumba vya rangirangi vimejaa mlima mzima. Na yeye yumo kila picha, kwenye ngazi ndefu, meno yote nje.

Kila mtu akapewa mfuko wa dagaa wa soko la huko.

Mama Furaha, aliyefiwa na mama yake juzijuzi, akauliza taratibu: "Ulikwenda lini, dada?"

Mume wa Mama Neema, mdomo umejaa andazi, akamjibia: "Si ndiyo ile wiki ya msiba wenu! Tiketi tulishakata."

Weee!

Wiki ile Mama Neema si alituambia mgongo umekaza, hata kitandani hainuki? Sisi tukapika, tukalala chini na mfiwa. Kumbe mgongo uko Korea unapanda ngazi!

Mama Furaha akautumbukiza ule mfuko kwenye mkoba wa Mama Neema.

"Dagaa kawape wa Busan. Ndio watakaokuja kukuzika."

Na mimi wangu nikaurudisha. Nilishaufungua, nikaurudisha hivyohivyo.

Nyie mngekula?